MWENYE UKUMBI SI MWENYE MAAZIMIO
Vyuo vikuu, wanafunzi na suala la Palestina

Suala la Palestina si geni katika nchi yetu, wala si geni katika vyuo vyetu vikuu. Hata hivyo, tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, limerudi kwa nguvu ambayo haikuonekana kwa miaka mingi. Katika nchi nyingi duniani wanafunzi wameomba kumbi ili wajadili haki ya Wapalestina, na kila walipoomba, wakubwa wa vyuo wamejikuta wakivutwa huku na huku. Wako waliowataka wafunge milango, wakisema kwamba atoaye ukumbi amekwisha kuchagua upande. Wako pia waliowataka watangaze kwamba chuo kizima, kuanzia mkuu wake hadi mlinzi wa lango, kinaafiki kila neno litakalosemwa ndani.

Twataka kulichambua jambo hili kwa utulivu kabla halijafika mlangoni kwetu. Mkoa wa Mara sasa una chuo kikuu. Kipo Butiama, ni cha kilimo na teknolojia, na kimepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Musoma na Bunda nako kuna vyuo vyenye vijana wengi wanaosoma magazeti, wanaosikiliza redio na wanaobishana usiku kucha mabwenini. Haitakuwa ajabu siku moja barua ya wanafunzi ikafika mezani kwa mkuu wa chuo, na nakala yake kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Kamanda wa Polisi, ikiomba kibali cha kufanya kongamano juu ya Palestina. Je, viongozi hao wafanye nini?

Jibu letu ni hili: watoe ukumbi, waweke masharti ya haki yaliyo sawa kwa wote, na wala wasiogope. Atoaye ukumbi hawi mwenye maazimio. Kazi ya chuo kikuu ni kuwapa watu mahali pa kupimana hoja, na msimamo wa nchi una wenyewe wa kuutamka. Mambo haya mawili yakichanganywa, huharibika yote mawili.

Yaliyotokea ng'ambo

Tuanze na wenzetu wa mbali, maana yaliyowapata yana mafunzo. Mwaka 2004 kikundi cha wanafunzi kiliomba kufanya mkutano wa nchi nzima wa kuwaunga mkono Wapalestina katika Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, Marekani. Kelele zilikuwa kubwa. Makumi ya maelfu ya watu walitia sahihi wakitaka mkutano ukatazwe. Rais wa chuo, Richard Brodhead, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameshika kazi, alikataa kuukataza. Alishikilia kwamba kuruhusu watu kukutana si kukubaliana nao, na kwamba chuo huelimisha kwa njia ya majadiliano. Wanafunzi wa Kiyahudi na rafiki zao nao wakaandaa shughuli zao chuoni hapo hapo, likiwamo tamasha la muziki la kupinga ugaidi. Mkutano ukafanyika Oktoba mwaka huo, ukaisha salama. Ubishi haukwisha, lakini hakuna aliyevunjwa mguu wala aliyefungiwa mdomo.

Sasa tutazame njia nyingine. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kiliondoa kibali cha kongamano la wanasheria na wanazuoni lililokusudia kujadili sheria za kimataifa na dola ya Israel. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni usalama. Waandaaji wakaenda mahakamani, wakashindwa. Je, kongamano lilikufa? La hasha. Mwaka 2017 lilifanyika katika mji wa Cork, nchini Ireland. Kilichobaki Southampton ni swali la iwapo kweli chuo kikubwa kama kile kilikosa askari wa kutosha kuwalinda maprofesa waliokuja na makaratasi.

Mfano wa tatu unahusu mahema ya wanafunzi, si mkutano wa ukumbini, lakini unazidi kulieleza jambo lile lile. Aprili 2024 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walipiga mahema kwenye uwanja wa chuo kupinga vita vya Gaza. Siku ya pili yake wakubwa wa chuo waliwaita polisi, na zaidi ya wanafunzi 100 wakakamatwa. Waliodhani kwamba moto umezimwa waliona umesambaa. Mahema yakaota katika vyuo vingine vingi, na katika miezi michache watu zaidi ya 3,000 wakakamatwa katika vyuo vya Marekani. Columbia ikalazimika kufuta sherehe yake kuu ya mahafali, na mwezi wa Agosti mwaka huo rais wake, Minouche Shafik, akajiuzulu.

Hatusemi kwamba kila lililosemwa katika mahema yale lilikuwa jema. Wako wanafunzi wa Kiyahudi waliotukanwa kwa sababu tu ya uzawa wao, na hilo ni ovu lisilo na udhuru. Tunalosema ni kwamba chuo kilichofungua mlango mwaka 2004 kilimaliza shughuli yake kwa siku tatu, na kile kilichotumia rungu mwaka 2024 kilimaliza mwaka kikiwa kimempoteza rais wake na kimefuta sherehe yake kuu ya mahafali. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mlimani tulipitia njia hii

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Basi na tugeukie kwetu, maana Tanzania ilikutana na mtihani huu kabla ya wengi wao.

Mwaka 1967 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliunda chama chao cha kimapinduzi, kilichojulikana kwa herufi za Kiingereza kama USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Vijana hao walisoma, walibishana, walialika wapigania uhuru, na baadhi yao walikwenda hata Msumbiji kuyaona kwa macho yao maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO. Miongoni mwa walimu waliokuwa karibu nao alikuwamo Dk. Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana.

Desemba 1969 ilifanyika Dar es Salaam semina ya vijana wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Dk. Rodney alitoa hotuba kali, akizishambulia serikali za Kiafrika alizoziona kuwa ni vibaraka wa ukoloni mamboleo. Gazeti la TANU la Kiingereza, The Nationalist, ambalo mhariri wake wakati huo alikuwa ndugu Benjamin Mkapa, lilichapa hotuba hiyo. Halafu likaandika tahariri kali ya kumwonya kwamba Tanzania haitakubali ardhi yake itumiwe kuhubiri kupinduliwa kwa serikali nyingine za Afrika. Dk. Rodney akajibu kwa maandishi, na jibu lake likachapishwa katika gazeti lile lile. Semina ilikuwa imekwisha, hoja zikabaki. Mtoa hotuba aliendelea kufundisha Mlimani hadi 1974, na mwaka 1972 kitabu chake mashuhuri juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa, Shirika la Uchapaji la Tanzania likiwa mmoja wa wachapishaji wake.

Hebu tulitafakari tukio hilo. Palikuwa na mkutano wenye maneno makali. Palikuwa na Serikali iliyokuwa na ujirani na nchi zilizotukanwa. Chama hakikukaa kimya, wala hakikumfunga mtu kinywa. Kilijibu, na aliyejibiwa akapewa nafasi ya kujibu. Hivyo ndivyo nchi inayojiamini inavyofanya.

Lakini haki yataka tuitaje na sura ya pili. Novemba 1969 vijana wale wale walianzisha jarida lao lililoitwa Cheche. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1970, jarida hilo lilipigwa marufuku, na USARF ikavunjwa. Ilielezwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa unatosha, na kwamba jina la jarida, lililofanana na la gazeti la Lenin, lingewafanya watu wadhani kuwa Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Marufuku hayo yalileta faida gani? Wanafunzi waliendelea kuandika chini ya Umoja wa Vijana, wakaanzisha jarida jingine waliloliita MajiMaji. Waandishi wa Cheche hawakugeuka kuwa wahaini. Issa Shivji akawa mwanasheria ambaye taifa zima linamheshimu, na mwaka 2008 alikuwa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika chuo kile kile. Zakia Meghji, aliyekuwa miongoni mwa wahariri, akawa Waziri wa Fedha mwaka 2006. Mwenyekiti wao Museveni akawa Rais wa Uganda mwaka 1986. Mtu aweza kuwapenda au kuwachukia, lakini hawezi kusema kwamba walikuwa watoto waliokuwa wakicheza.

Fundisho lake ni dhahiri kwa kila afisa anayeshika muhuri. Mwaka 1969 tahariri ilijibu hotuba, na taifa likapata mjadala. Mwaka 1970 amri ilijibu jarida, na taifa likapata jarida jingine.

Msimamo uliotamkwa Mwanza

Baadhi ya viongozi huogopa kwamba wanafunzi wakijadili Palestina wataiaibisha Serikali mbele ya Israel, ambayo tuna uhusiano nayo. Woga huo watokana na kutoujua msimamo wetu wenyewe. Basi na tuukumbushe, tena si kutoka mbali. Ulitamkwa jijini Mwanza, ng'ambo tu ya maji kutoka Ukerewe, katika Mkutano Mkuu wa TANU wa Oktoba 1967, Mwalimu alipoieleza siasa ya Tanzania ya mambo ya nchi za nje.

Katika hotuba hiyo Mwalimu hakuficha lolote. Alieleza kwamba kuundwa kwa dola ya Israel kulikuwa ni uchokozi dhidi ya watu wa Kiarabu, na kwamba mataifa yaliunyamazia kwa sababu ya mateso ambayo Wayahudi walikuwa wameyapata. Akaeleza papo hapo kwamba Israel sasa ipo, kwamba Tanzania inaitambua na itaendelea kuitambua. Kisha akasema kwamba haiwezi kuachwa ijichukulie ardhi kwa vita, kama ilivyofanya Juni mwaka ule. Katika siasa hiyo hiyo alishikilia kwamba Tanzania haitawaruhusu rafiki zake waichagulie maadui.

Msimamo huo una pande tatu, na mwenye kuushika upande mmoja tu ameupotosha. Tena haukutolewa na mtu aliyekuwa na chuki na Israel. Israel ilikuwa imetusaidia mapema baada ya Uhuru, katika vyama vya ushirika na katika kuanzisha Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliupokea msaada, na bado akausema ukweli.

Yaliyofuata twayajua. Oktoba 1973, wakati wa vita vingine vya Mashariki ya Kati, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel, kama zilivyofanya nchi nyingi za Afrika. Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO, kikapata ofisi Dar es Salaam, katika mji ule ule uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU na nyumba ya FRELIMO, ANC na SWAPO. Novemba 1988 Wapalestina walipotangaza dola yao, Tanzania iliitambua. Mwaka 1995 uhusiano na Israel ulirudishwa, na Mei 2018 Tanzania ilifungua ubalozi Tel Aviv. Ubalozi wa Palestina nao haukufungwa. Ndiyo kusema nchi yetu inazungumza na pande zote mbili. Kama Serikali yaweza kuwa na uhusiano na pande zote mbili, chuo kikuu hakiwezi kushindwa kuwa na hoja za pande mbili katika ukumbi mmoja.

Wala mwanafunzi anayesema kwamba kuikalia ardhi ya Wapalestina ni uvunjaji wa sheria hasemi jambo la kichochezi. Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ombi la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ilitoa maoni kwamba kuendelea kwa Israel kuyakalia maeneo hayo ni kinyume cha sheria. Afisa wa Serikali akiogopa kutajwa kwa maoni ya mahakama hiyo katika ukumbi wa chuo, atakuwa anaogopa kivuli.

Vijana wetu wawili

Kuna jambo moja linalolifanya suala hili kuwa letu kabisa, na hasa la Butiama, kwenye chuo cha kilimo. Oktoba 7, 2023, wapiganaji wa Hamas waliposhambulia kusini mwa Israel, watu wapatao 1,200 waliuawa na wengine wapatao 250 wakachukuliwa mateka. Huko walikuwako zaidi ya vijana 200 wa Kitanzania, waliokwenda kujifunza kilimo cha kisasa. Wawili kati yao hawakurudi hai. Serikali ilithibitisha kifo cha mmoja Novemba na cha mwingine Desemba mwaka huo. Mwili wa yule wa pili ulikaa Gaza miaka miwili, ukarudishwa Novemba 2025, baada ya mapigano kusimamishwa.

Hawakuwa askari, hawakuwa walowezi, hawakuwa na ugomvi na mtu. Walikwenda kujifunza jinsi ya kumwagilia shamba. Kongamano lolote litakalofanyika katika nchi hii juu ya Palestina likapita bila ya kuwataja vijana hao litakuwa limewasaliti wazazi wao. Kadhalika, mtu yeyote atakayewataja hao wawili ili kuwanyamazisha watu wasiwataje waliouawa Gaza, atakuwa amewatumia marehemu kama ngao. Kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza, waliouawa huko walikuwa wamepita 60,000 kabla mwaka 2025 haujakwisha, wakiwamo maelfu ya watoto. Mtoto wa Khan Younis na kijana wa Kitanzania aliyekwenda kusoma ni wanadamu sawa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na binadamu huyo si wa upande mmoja tu.

Chuo cha Butiama kitawatoa wataalamu wa kilimo. Baadhi yao huenda wakapelekwa nje, Israel ikiwa mojawapo. Je, ni haki kumpeleka kijana katika nchi ambayo historia yake hakuruhusiwa kuijadili? Aendaye ugenini apewe ramani, na ramani ya nchi ile haikamiliki bila ya mwaka 1948, Wapalestina wapatao 700,000 walipopoteza makao yao, wala bila ya mwaka 1967, wala bila ya Oktoba 2023.

Si vita vya dini

Twajua kinachowatia wasiwasi zaidi maafisa wetu, ingawa hawakiandiki katika barua. Wanaogopa dini. Wanaogopa kwamba kongamano la Palestina litageuka kuwa la Waislamu dhidi ya Wakristo, na kwamba moto wake utafika mabarazani.

Wasiwasi huo si wa bure, lakini dawa iliyochaguliwa siyo. Ubishi huo tayari upo. Upo kwenye baraza za misikiti na kwenye viwanja vya makanisa, upo katika mialo ya Musoma wavuvi wanapotengeneza nyavu, upo Rukuba na Irugwa redio inapowashwa jioni. Mwislamu akisikia Palestina hudhani ni jambo lake peke yake. Mkristo akisikia Israel hudhani ni ile ya Agano la Kale. Wote wawili wamepotoka kwa kukosa mtu wa kuwaeleza, na mahali pa kuwaeleza ndipo tunapotaka pafungwe! Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mahali hapo pakifunguliwa, patasemwa mambo ambayo wengi hawajapata kuyasikia. Patasemwa kwamba Bethlehemu, alikozaliwa Yesu, ni mji wa Wapalestina, na kwamba wako Wapalestina Wakristo ambao makanisa yao ni ya zamani kuliko makanisa mengi ya Ulaya. Patasemwa kwamba George Habash, mmoja wa viongozi wakali wa mapambano ya Palestina, alizaliwa katika familia ya Kikristo. Patasemwa pia kwamba wako Wayahudi wengi, ndani na nje ya Israel, wanaopinga ukaliaji wa ardhi ya wenzao, na kwamba katika mahema ya mwaka 2024 walikuwamo wanafunzi wa Kiyahudi. Nasi Waafrika hatukusahau kwamba Joe Slovo na Ruth First, waliopigana na makaburu bega kwa bega na Waafrika, walikuwa wazawa wa Kiyahudi. Uzayuni ni siasa, Uyahudi ni dini na kabila. Mwenye kuvichanganya ili awachukie Wayahudi hana nafasi katika ukumbi wetu, na mwenye kuvichanganya ili azuie siasa isijadiliwe hana hoja.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kuamka alfajiri kwenda misa. Hakuona kuwa imani yake ilimkataza kumtetea Mpalestina. Alilipima jambo hilo kwa mizani ile ile aliyoipimia Afrika Kusini: nani ana ardhi, nani ameondolewa, nani ana kura na nani hana. Mizani hiyo haina msalaba wala mwezi. Waliosoma madrasa wamefundishwa kusimama na haki hata ikiwa juu ya nafsi zao na wazazi wao, na waliosoma kwa mapadri wamefundishwa vivyo hivyo.

Watu wa Mara hawahitaji shahada ili waelewe uzito wa ardhi. Wananchi wa Nyatwali, wilayani Bunda, wanajua maana ya kuambiwa kuondoka katika makaburi ya wazee. Hatulinganishi mambo hayo na Gaza, maana huku kulikuwa na vikao, tathmini na fidia, na huko kulikuwa na mabomu. Twasema tu kwamba mtu wa Bunda akielezwa habari ya mkulima wa Ukingo wa Magharibi aliyeng'olewa mizeituni yake, ataelewa upesi kuliko mtaalamu wa mji mkubwa.

Yapasayo kufanywa

Basi barua ya wanafunzi ikifika, viongozi wafanye haya.

Kwanza, wakumbuke sheria ya nchi. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa maoni, na katika ibara ya 20 uhuru wa kukutana na wenzake kwa amani. Mwanafunzi hazivui haki hizo anapoingia lango la chuo. Anayetaka kuukataza mkutano ndiye mwenye wajibu wa kutoa sababu, tena kwa maandishi, na mapema, si usiku wa kuamkia siku ya mkutano wakati wageni wako ndani ya mabasi.

Pili, ijulikane wazi ni nani asemaye. Jina na nembo ya chuo visitumiwe katika maazimio ya wanafunzi. Maazimio yawe yao, na wayatie sahihi wao. Chuo kiseme mara moja tu kwamba kimetoa ukumbi, kisha kikae kimya.

Tatu, kipimo kiwe kimoja. Wanafunzi wenye maoni mengine, hata wanaoiunga mkono Israel, wakiomba ukumbi wiki inayofuata wapewe kwa masharti yale yale. Mwenye kudai uhuru wa kusema kwa ajili yake na kuwanyima wengine hajui anachodai. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nne, mpaka uwekwe mahali pake. Kumtukana mtu kwa dini yake au kwa kabila lake, kusifu mauaji ya raia wa upande wowote, kuwatisha wanafunzi wenzao. Hayo yakatazwe, na atakayeyafanya awajibike yeye mwenyewe. Kusema kwamba Israel inakosea, au kwamba Hamas inakosea, au kwamba Serikali yetu imekaa kimya kupita kiasi, ni maoni. Maoni hujibiwa kwa maoni.

Tano, polisi wawe langoni na si ndani ya ukumbi. Kazi yao ni kuwalinda wanaosema na wanaopinga. Askari aliyekaa kiti cha mbele akiandika majina haleti usalama wowote.

Na wanafunzi nao wana wajibu. Wasije ukumbini na nyimbo tu. Wasome historia, wajue mipaka ya mwaka 1947 na ya mwaka 1967, wajue kilichoazimiwa na Umoja wa Mataifa na kisichotekelezwa. Wawaalike wanaopingana nao, maana mkutano ambao wote wanakubaliana kabla haujaanza haumfundishi mtu kitu. Wala wasidhani kwamba ukali wa kauli ndio ukombozi. Waliokwenda Msumbiji mwaka 1968 walikuwa wamesoma kwanza.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tuna neno moja la mwisho. Msidhani kwamba jambo hili ni la wenye digrii wa bara. Vijana wenu wanaovuka ziwa kwenda kusoma hugharimiwa kwa jasho la dagaa na sangara, nanyi mna haki ya kuwauliza wanarudi na nini. Kama chuo kitawarudishia kijana ajuaye kupima udongo tu, lakini anatetemeka kutamka lililo haki na lililo dhuluma, basi mmelipa nauli mkarudishiwa nusu ya safari.

Mwalimu alitoka Butiama kwenda kusoma Mwisenge, Musoma, akiwa mtoto, mwaka 1934. Akarudi Butiama mwaka 1999 kuzikwa. Katikati ya safari hizo mbili alizungumza na kila mtu, alibishana na wanafunzi wake mara nyingi, mara nyingine akakasirika nao, lakini hakuwaficha alichokiamini juu ya Palestina. Chuo kilichopewa jina lake hakiwezi kuwa na ukumbi mwembamba kuliko kauli yake. Viongozi wa Mara, barua ikija, isomeni hadi mwisho, kisha fungueni mlango.